Namna ya kupima ubongo unavyotambua umbo kwa kupapasa, kwa ndala mbovu na boksi

Watu wengi wakitaka kufanya hili jaribio na watoto wanachukua mfuko, wanatupia humo ufunguo, kijiko, limau, betri na kiberiti, wanamfunga mtu macho afu wanamwambia haya taja. Mtu anataja vyote, watu wanacheka, basi imeishia hapo. Sio mbaya ila hapo hujapima umbo hata kidogo, maana ufunguo umejitaja wenyewe kwa ubaridi wa chuma, limau limejitaja kwa harufu na ile ngozi yake, kiberiti ukikitikisa tu kinaongea. Huo ni mtihani uliovuja.

Sa hapa naeleza namna ya kulifanya ili umbo libaki peke yake, na njiani nakuambia huko kichwani kunaendelea nini, maana bila hiyo ni gemu tu la kupitisha muda umeme ukikatika (hata hivyo kwa hilo nalo linafaa sana). Vifaa vyote unavipata hapa hapa Mwanza na hela inayotoka ni ya gundi.

Kifaa kikuu ni ndala. Ile iliyokatika mkanda ipo uvunguni kwako, kama hauna shuka ufukweni, Kirumba au Luchelele kote huko ziwa linazileta. Ioshe, ianike, afu kata maumbo kwa wembe mpya, kata mwenyewe usimpe mtoto wembe. Nayopendekeza mimi ni haya: duara, mraba, pembetatu, nyota, msalaba, yai, mwezi mchanga, na moja la ovyo ovyo lisilofanana na chochote, yaani likiulizwa jina lake hakuna mtu anaweza kusema. Hilo la ovyo usiliache, ndo muhimu kuliko yote. Kila moja liwe na upana wa sentimita 4 au 5, na kata kila moja mara mbili ili liwe na pacha wake. Yote yatoke kwenye ndala za aina moja, unene sawa, ugumu sawa, ubaridi sawa. Ukichanganya ndala laini na ile ngumu ya tairi, au ukaacha upande wenye michirizi kwa baadhi na kwa mengine hakuna, mtoto atakariri "lile gumu ndo nyota" na umeshaliwa.

Afu boksi. La sabuni, la biskuti, lolote. Toboa tundu upande mmoja la kupitisha mkono, chukua soksi ndefu ya kuchezea mpira kata sehemu ya vidole, gundisha ile soksi kwenye tundu iwe kama mkono wa shati, mtu anapitisha mkono humo haoni ndani. Upande wa pili, ule unaokaa wewe, uache wazi kabisa. Kufunga macho kwa kitambaa mi sikipendi, watoto wanachungulia kwa chini puani halafu wanaapa hawajaona, na pia ukiacha upande wazi unauona mkono unavyofanya kazi, na mkono huo ndo nusu ya jaribio zima. Simu kwa ajili ya kuhesabu sekunde, daftari, kalamu, umemaliza.

Raundi ya kwanza mwache ashike anavyotaka. Usimfundishe "zungusha", usimwambie "hesabu kona", kaa kimya uangalie vidole. Mkono una mbinu zake na kila mbinu ni ya swali lake. Hili lilichunguzwa vizuri na wanasaikolojia Susan Lederman na Roberta Klatzky, mwaka 1987 walitoa orodha ya namna mtu anavyotumia mkono kutegemea anatafuta nini: kusugua huku na huku kwa ajili ya mkwaruzo, kubonyeza kwa ajili ya ugumu, kutuliza mkono tu kwa ajili ya joto na baridi, kuinua kwa ajili ya uzito, kufumbata kwa ajili ya umbo la jumla, na kufuata ukingo kwa ncha ya kidole kwa ajili ya umbo kamili.

Ukitaka kuona hayo bila maabara nenda Mwaloni Kirumba, soko la samaki na dagaa, simama pembeni ya mama anayenunua dagaa wa jumla. Hawashiki wale wa juu, wa juu wamepangwa wapendeze. Anazamisha mkono kwenye salfeti mpaka karibu na kiwiko, anatoka na wachache, anawasugua kwa dole gumba juu ya kidole cha shahada, macho yake yako kwa mtu mwingine kabisa wanabishana nauli ya mzigo, afu anasema tu "hawa wa mchanga." Muuzaji analalamika "mayu (yaani mama, kwa Kisukuma), si uangalie vizuri basi." "Niangalie nini mwanangu, nimeshika." Ile sugua sugua ndo ya mkwaruzo, akitaka kujua kama wamekauka anamvunja mmoja, na umbo hajalitafuta kabisa, hana haja nalo, dagaa ni dagaa.

Sasa mtoto wako kwenye boksi utaona anafanya kitu tofauti na yule mama. Kwanza anafumbata, kiganja kizima kinalimeza lile umbo, kwa duara na yai mara nyingi anaishia hapo hapo anajibu. Likiwa nyota au msalaba kufumbata hakutoshi, kidole kimoja kinaanza kutembea kwenye ukingo, na angalia kwa makini hapa, mara nyingi dole gumba linabaki limeshikilia kona moja kama alama ya "nilianzia hapa" huku cha shahada kinazunguka mpaka kinarudi. Hakuna aliyemfundisha. Andika kwenye daftari: sekunde, jibu, na mkono ulifanya nini.

Usishangae akichelewa kwenye ndala wakati ufunguo anautaja kabla hujabonyeza saa. Klatzky, Lederman na mwenzao Metzger mwaka 1985 waliwapa watu waliofungwa macho vitu 100 vya kawaida vya nyumbani, wakapatia karibu asilimia 96, na vingi chini ya sekunde 5. Ila vile vilikuwa vitu halisi, vina mkwaruzo, vina uzito, vina ubaridi. Ukivua hayo yote ukabakiza mchoro wa ukingo peke yake, mkono unapata shida kweli, kwa sababu ukingo hauji wote kwa mpigo kama machoni, unakuja kipande kipande na mtu inabidi avishikilie vile vipande kichwani mpaka viungane.

Na kichwani vinapitia wapi? Ngozi ya kiganja na vidole vya mkono mmoja ina vipokezi vya mguso kama 17,000, vimejazana zaidi kwenye ncha za vidole. Viko vya aina tofauti na kila aina imepewa jina la aliyeieleza: vya Merkel vinajali kona na ukingo na vinaendelea kutuma ishara muda wote umebonyeza, vya Meissner vinashtuka kitu kikianza kuteleza, vya Pacini vinasikia mtetemo. Ishara inapanda na neva za mkono, inaingia uti wa mgongo, inapanda kwa nyuma bila kuvuka, inavuka kwenda upande wa pili ikishafika chini ya shina la ubongo, inapita kituo kinaitwa talamasi, ndo inatua kwenye gamba la ubongo, kwenye mkunjo unaopita kama hedibendi kutoka utosini kushuka kuelekea masikioni. Ni haraka mno: mtu akishtuliwa na umeme mdogo kwenye kifundo cha mkono, ishara inaonekana kwenye gamba baada ya kama milisekunde 20. Ule mkunjo ramani yake ilichorwa na Wilder Penfield na Edwin Boldrey mwaka 1937 kwa wagonjwa waliokuwa wanapasuliwa kichwa wakiwa macho, na vidole na midomo vimechukua eneo kubwa kupita kiasi wakati mgongo mzima umepewa kipande kidogo tu.

Hilo unaweza kulipima papo hapo. Chukua vijiti viwili vya meno, mguse mtu kwa vyote viwili kwa pamoja umuulize ni kimoja au viwili. Kwenye ncha ya kidole anatofautisha hata vikiachana milimita 2 au 3, kwenye kiganja inataka kama sentimita 1, mgongoni inaweza kufika sentimita 4 na bado anakuambia ni kimoja. Gusa taratibu, usichome.

Raundi ya pili: mkono unatulia. Mwambie afungue kiganja ndani ya boksi asisogeze chochote, wewe unamwekea umbo juu na kulibonyeza. Mtu aliyekuwa anapatia nyota sasa anakuambia "sijui, kitu chenye kona." Rudia, ila safari hii wewe ndo unalizungusha lile umbo chini ya kidole chake kilichotulia. Bado ni tabu. Mwambie sasa asogeze mwenyewe, anapata. Tofauti ni kwamba mkono unapotembea ubongo unapokea vitu viwili, ngozi inasema "hapa kuna kona" na misuli na viungo vinasema "na kidole kipo hapa", na umbo linapatikana kwa kuunganisha hivyo viwili. Kwenye ule mkunjo kuna vipande vinne vimepangana, 3a, 3b, 1 na 2. Cha 3b kinashughulika na ngozi, kina seli zinazochagua hata ukingo umelala upande gani, cha 3a kinapokea habari za misuli, na kile cha 2 mwishoni ndo kinachanganya ngozi na viungo. Baada ya hapo kazi inasogea nyuma zaidi kwenye mfereji wa juu ya sikio kuelekea kisogoni, ambako umbo linaanza kuwa umbo kweli.

Halafu sasa raundi ya tatu, ambayo kwangu ndo yenyewe. Panga mapacha mezani, yote manane, mtu anayaona. Ndani ya boksi weka moja. Asitaje jina, aoneshe tu kwa kidole cha mkono wa pili: ni hili. Anza na yale yenye majina afu mpe lile la ovyo. Kwa nyota mtu anaweza kupita njia ya mkato ya maneno, mkono umesema "kona tano", kichwa kikasema "nyota", jicho likatafuta nyota. Lile la ovyo halina neno la kushikia, kwa hiyo akilipatia maana yake kilichobebwa kutoka mkononi kwenda jichoni ni umbo lenyewe.

Na kuna sehemu ya ubongo inayofanya hiyo kazi, iko nyuma pembeni, upande wa kisogo, eneo ambalo kwa muda mrefu lilihesabiwa ni la macho tu. Mwaka 2001 Amir Amedi na wenzake waliwaweka watu kwenye mashine ya MRI, ile ya kupiga picha za ubongo kwa sumaku, wakiwa wanapapasa vitu bila kuviona, na hilo eneo likaamka kwa mkono kama linavyoamka kwa jicho. Hiyo MRI haisomi mawazo, inafuata damu yenye oksijeni inakoelekea na yenyewe inachelewa sekunde kadhaa, na ndani ya ile sumaku huwezi kuingia na ufunguo wala kijiko cha chuma, vitu vinakuwa vya plastiki au mbao. Ndala zako zingefaa kabisa.

Jaribio lingine la miaka miwili kabla ya hapo, 1999, la Zangaladze na Sathian na wenzao, linanifurahisha zaidi. Waliwapa watu wanaoona mifereji midogo ya kugusa kwa ncha ya kidole, wakawa wanavuruga eneo la kisogoni kwa muda mfupi kwa sumaku inayowekwa nje ya kichwa. Watu wakaanza kukosea mifereji imelala upande gani. Lakini kuulizwa mifereji imebanana au imeachana, yaani mkwaruzo, wakawa wanajibu vizuri tu. Kwa hiyo yule mama wa Mwaloni ukimvurugia kisogo labda mchanga kwenye dagaa angeendelea kuukamata, ila nyota ya ndala ingemsumbua.

Huo mgawanyo ukitaka kuuonesha nyumbani nunua msasa wa namba tatu tofauti duka la vifaa vya ujenzi, bandika kwenye miraba mitatu ya ndala ya saizi moja, mwambie avipange kutoka laini mpaka wa kukwaruza. Angalia mkono: hakuna kufuata ukingo, ni kusugua tu. Afu mvalishe mfuko laini wa plastiki mkononi urudie vyote viwili, umbo na msasa, uandike kipi kimeharibika zaidi.

Ukibadilisha mkono wa kulia na kushoto kwa watu wengi tofauti ni ndogo, usipoteze muda sana hapo. Ila kuna watu ambao tofauti ilikuwa ya kushangaza, wale waliokatwa lile daraja linalounganisha pande mbili za ubongo ili kuwapunguzia kifafa, Roger Sperry aliyewachunguza alipata Nobeli mwaka 1981. Umempa kitu mkono wa kushoto bila kukiona, hawezi kukitaja jina, maana kimefika upande wa kulia na maneno yako upande wa kushoto, lakini mwambie achague kwa mkono huo huo kwenye rundo la vitu anakitoa bila wasiwasi. Ndo maana nasisitiza kuonesha kwa kidole badala ya kutaja. Kutaja na kutambua ni kazi mbili.

Kama una ndugu asiyeona muombe ajaribu, ila asifanywe maonyesho, na mapacha ayashike kwa mkono badala ya kuyaangalia. Wanaosoma nukta nundu, kama wale watoto wa Mitindo kule Misungwi, vidole vyao vinasoma herufi za nukta zisizozidi sita kwa mpangilio ambao kwa vidole vya wengi wetu ni vipele tu. Na kisogo chao hakijakaa bure. Mwaka 1996 Norihiro Sadato na wenzake walionesha kwamba kwa wasioona, kusoma nukta nundu kunaamsha mpaka lile eneo la kwanza kabisa la kuona. Mwaka 2000 ikaandikwa habari ya mwanamke asiyeona tangu kuzaliwa, msomaji hodari wa nukta nundu, aliyepata kiharusi kikaharibu kisogo pande zote mbili: nukta alikuwa anazihisi kama kawaida, ila kusoma hakuweza tena.

Kinyume chake nacho kipo. Watoto wachache India waliozaliwa hawaoni, wengi wao kwa mtoto wa jicho, wakafanyiwa upasuaji wakiwa wakubwa, matokeo yakatolewa 2011. Wakapewa umbo la kushika, halafu waoneshwe mawili wachague kwa macho mapya. Walibahatisha tu. Waliopimwa tena baada ya muda mfupi walishaanza kupatia. Kwa hiyo hiyo raundi ya tatu ambayo mwanao anaifanya huku anatafuna karanga, ni kitu ambacho ubongo ulijifunza.

Mambo madogo ya kuzingatia kabla hujaanza. Vidole vikiwa vya baridi neva zinapunguza kasi, kwa hiyo usimpime aliyetoka kushika barafu ya samaki. Mtu mwenye sugu nene za kuvuta nyavu mpe muda zaidi, na abonyeze kwa nguvu. Mzee mwenye kisukari anayelalamika ganzi vidoleni jaribio halitakuwa la ubongo tena. Na hili sio la mchezo: mtu mzima ambaye ghafla mkono mmoja unahisi kitu lakini hautambui ni nini, sarafu mkononi haijui mpaka aiangalie, mpeleke hospitali muda huo huo maana inaweza kuwa kiharusi, na madaktari wenyewe hupima hivyo hivyo kwa sarafu au ufunguo.

Wakishazizoea ndala hamia kwenye maboksi ya viberiti. Gundisha sita sita ovyo yawe kama ghorofa zilizoharibika, tengeneza manne, yasimamishe kila moja kwenye kipande cha mbao lisizunguke. Mtu anajifunza kwa mkono tu, huku yametazama upande mmoja, afu unampima kwa macho. Mara moja mpe yakiwa vile vile, mara nyingine yageuze nyuma ije mbele. Fiona Newell na wenzake walifanya hivyo kwa vitofali vya plastiki wakachapisha mwaka 2001, na watu walipotoka mkononi kwenda machoni walitambua vizuri zaidi yakiwa yamegeuzwa. Ukitazama mkono ndani ya boksi sababu unaiona: dole gumba linashikilia mbele, na vidole vinne vyote vimezunguka nyuma.